Kurudi Kwenye Gitaa Ukubwani: Mwongozo Kamili wa Kuanza Upya Pamoja na Mwalimu

Mtu mzima anayelishika tena gitaa baada ya kulitupa mkono kwa miaka kumi au ishirini hupatwa na jambo ambalo mwanafunzi mpya halijui. Sikio lake linakumbuka jinsi wimbo ulivyopaswa kusikika, akili yake inakumbuka umbo la kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya G na ya D, lakini vidole vinafika vimechelewa, vingine havifiki kabisa, na sauti inayotoka ni ya kukwaruza. Mwanafunzi mpya hana cha kulinganisha, kwa hiyo kila noti safi kwake ni faida. Anayerudi hulinganisha kila noti na ile ya zamani, tena mara nyingi huilinganisha na noti nzuri kuliko ile aliyoipiga kweli, kwa kuwa kumbukumbu ina tabia ya kuyafuta makosa yetu kimyakimya.

Pengo hilo kati ya sikio na vidole ndilo linalowafanya wengi walirudishe gitaa lao kabatini kabla ya mwezi kwisha. Mwongozo huu umepangwa kulizunguka pengo hilo. Kwa mtu anayerudi, kazi kubwa ya mwalimu haiwi kumfundisha mambo mapya. Ni kumzuia asipige kwa kasi ya kumbukumbu yake, na kumfichulia yale aliyojifunza vibaya zamani, ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyaona kwa sababu ameyazoea.

Likague gitaa kabla ya kujikagua mwenyewe

Nimewahi kukaa wiki mbili nikiamini kwamba mkono wangu umekwisha, kumbe shingo ya gitaa ilikuwa imepinda na nyuzi zimepanda juu kiasi kwamba hata mpigaji hodari angelalamika. Anza na chombo, ili usije ukajilaumu kwa kosa lisilo lako.

Nyuzi zilizokaa miaka zitolewe zote. Za chuma hupata kutu, hupoteza mlio, na hazikubali tena kulinganishwa sauti sawasawa kwa sababu zimechakaa kwa kiasi tofauti mahali tofauti. Zibadilishe mmojammoja, si kwa kuzilegeza zote kwa mpigo, ili shingo isipoteze mvuto wake ghafla. Hakikisha kwamba unajua aina ya gitaa lako: gitaa la klasiki hutumia nyuzi za nailoni na halikujengwa kuvumilia mvuto wa nyuzi za chuma, ambao unaweza kuling'oa daraja (kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) au kuipinda shingo. Kama lako ni la chuma, chagua seti nyepesi, yaani ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.011 badala ya 0.012 iliyozoeleka. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini vidole laini huitambua siku ya kwanza. Usishangae nyuzi mpya zikiteremka sauti kila baada ya dakika chache. Za chuma hutulia ndani ya siku moja au mbili, za nailoni huweza kuchukua siku kadhaa.

Baada ya hapo chukua rula yenye milimita na upime nafasi iliyopo kati ya freti (kile chuma chembamba kinachovuka shingo) ya 12 na upande wa chini wa nyuzi. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, kipimo cha takriban milimita 2 kwa uzi mwembamba na 2.5 kwa uzi mnene ni cha starehe. Kikizidi 3, unapigana na chombo. Gitaa la klasiki huwa juu zaidi, karibu milimita 3 kwa uzi mwembamba na 4 kwa mnene, na hilo ni la kawaida kwake. Kisha kandamiza uzi mmoja kwenye freti ya tatu na utazame juu ya freti ya kwanza: panatakiwa paonekane mwanya mwembamba sana. Mwanya ukiwa mkubwa, kile kipande chenye mifereji kilicho mwanzoni mwa shingo hakikuchongwa vya kutosha, na hiyo ndiyo sababu kodi zinazopigwa karibu na mwanzo wa shingo zinakuumiza kuliko zile za katikati.

Jaribio la mwisho ni la sauti. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, udonoe, usikie ile sauti ya kengele. Kisha ukandamize uzi uleule kwenye freti hiyohiyo na uudonoe tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa sawa. Zikitofautiana waziwazi hata baada ya kuweka nyuzi mpya, au ukiona ufa kwenye ubao wa mbele, au daraja limeanza kunyanyuka, lipeleke gitaa kwa fundi. Marekebisho ya urefu wa nyuzi na ya chuma kilichomo ndani ya shingo ni kazi ya muda mfupi kwa anayeijua, na ni gharama ndogo kuliko masomo ya miezi mitatu unayoyapigia gitaa lisilopigika. Gitaa likisharekebishwa, liweke mahali ambapo unyevu wa hewa uko kati ya asilimia 45 na 55, mbali na dirisha lenye jua, tena liwe nje ya mkoba, juu ya kishikio, mbele ya macho yako. Gitaa linaloonekana hushikwa.

Jirekodi kabla hujamwona mwalimu

Jioni moja, kabla ya somo la kwanza, kaa dakika ishirini na simu yako ikirekodi picha na sauti. Usifanye mazoezi ya kujiandaa. Linganisha nyuzi kwa kutumia tyuna, yaani kifaa au programu inayokuonyesha kama uzi uko kwenye sauti yake, iliyowekwa kwenye kipimo cha kawaida cha hezi 440, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba: E, A, D, G, B, E. Kisha piga chochote ambacho mikono inakikumbuka yenyewe: kodi za wazi (zile zenye nyuzi zisizokandamizwa), kipande cha wimbo, skeli moja (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio). Piga na yale unayoyakumbuka nusu, na usirudie ukikosea.

Siku inayofuata itazame rekodi hiyo mara mbili. Mara ya kwanza sikiliza tu, ukiwa umegeuza uso. Mara ya pili zima sauti utazame mikono. Utaona mambo ambayo hukuyasikia: bega limepanda, kifundo cha mkono wa kushoto kimekunjika, kidole cha mwisho kinakaa kimejikunja chini ya shingo kama mtu asiye na kazi. Andika mistari mitatu tu: ninachokimudu bado, ninachokikumbuka lakini sikimudu, na nisichowahi kukijua. Mstari wa pili ndio utakaokuwa mtaala wako wa miezi ya mwanzo, na mwalimu mzuri atakushukuru kwa kumletea.

Kurudi kwa kutumia rekodi kuna mfano wake mkubwa. Mwaka 1980 mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, Pat Martino, alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliomwacha na upotevu mkubwa wa kumbukumbu, akalazimika kukijifunza upya chombo alichokuwa amekimudu tangu ujana wake. Miongoni mwa vilivyomsaidia ni rekodi alizozipiga mwenyewe kabla ya maradhi, na kufikia mwaka 1987 alikuwa amerudi kurekodi. Hali yako ni nyepesi kuliko yake kwa mbali, na rekodi zako huenda hazina thamani kwa mtu mwingine yeyote, lakini kama zipo za zamani, zisikilize. Mara nyingi zitakuonyesha kwamba yule mpigaji unayemhusudu, ambaye ni wewe wa zamani, alikuwa akiharakisha mdundo na kuruka kodi ngumu.

Kumpata mwalimu anayekufaa

Mwalimu hodari wa watoto si lazima afae kwa mtu mzima, na mpigaji hodari si lazima awe mwalimu. Unapozungumza na mwalimu kwa mara ya kwanza, mweleze waziwazi kwamba unarudi, uliacha lini, unataka kupiga muziki wa namna gani, na una dakika ngapi kwa siku. Kisha sikiliza anachokuuliza. Akikuuliza nyimbo unazozipenda na kuomba kukuona ukipiga kabla ya kupanga chochote, ni dalili njema. Akikuambia kwamba wanafunzi wake wote huanzia ukurasa wa kwanza wa kitabu kilekile, muage kwa heshima.

Muda wa somo una maana kuliko watu wanavyodhani. Dakika 30 humtosha mtoto; mtu mzima hutumia kumi za mwanzo kutulia na kueleza wiki yake ilivyokwenda, hivyo dakika 45 ni kipimo kizuri zaidi, na saa nzima hufaa pale ambapo vidole vimekwisha kupata sugu. Kwa miezi mitatu ya kwanza nenda kila wiki. Baadaye somo moja kwa wiki mbili huweza kutosha, lakini mwanzoni wiki mbili ni muda wa kutosha kulijenga kosa hadi likageuka mazoea, na mazoea yana taabu.

Masomo kwa njia ya intaneti yanafaa, ilimradi ujue mpaka wake. Sauti husafiri kwa kuchelewa, na hata ucheleweshaji wa sehemu ndogo ya sekunde hufanya isiwezekane ninyi wawili kupiga pamoja kwa mdundo mmoja. Mtapokezana, mmoja akipiga na mwingine akisikiliza. Weka kamera upande wa shingo ya gitaa, ikiwa juu kidogo, ili mwalimu aone vidole na kidole gumba kwa pamoja, na uzime ile mipangilio ya programu inayopunguza kelele, kwa sababu huihesabu sauti ya gitaa kuwa kelele na kuikata katikati. Kama unaweza kuyachanganya, masomo machache ya ana kwa ana mwanzoni yana faida kubwa, kwa sababu mwalimu anaweza kukugusa bega na kuliteremsha, jambo ambalo hakuna kamera inayoliweza.

Somo la kwanza

Somo la kwanza ni la uchunguzi. Mpe mwalimu ile mistari mitatu, mpigie vipande viwili au vitatu, kisha mwombe jambo moja mahususi: akutajie kosa moja la msingi ambalo likirekebishwa litarahisisha mengine. Waliojifundisha wenyewe ujanani huwa na makosa yanayofanana. Kidole gumba kimeizunguka shingo kila wakati hata pale kisipohitajika. Vidole vinakandamiza katikati ya nafasi ya freti badala ya nyuma tu ya chuma chake. Mkono wa kulia unasimama kila mara kodi inapobadilishwa. Kila moja kati ya makosa haya liliwahi kuwa suluhisho la tatizo fulani, ndiyo maana linang'ang'ania.

Omba ruhusa ya kurekodi dakika tano za mwisho, mwalimu anapofanya muhtasari na kukuonyesha kazi ya wiki. Ukitoka, kabla hujaanza safari ya kurudi nyumbani, andika kazi hiyo kwa maneno yako. Kile ambacho huwezi kukiandika hukukielewa, na somo linalofuata lianze na hicho.

Jambo moja la adabu ya darasani linawasumbua watu wazima peke yao. Mtu aliyezoea kuwa bingwa katika kazi yake huona aibu kukosea mbele ya mtu, pengine mtu mdogo kwake kwa umri, na kwa aibu hiyo hujieleza kila anapokosea: nyumbani niliipiga vizuri, vidole vina baridi, kiti hiki ni kirefu. Maelezo hayo yote huenda ni ya kweli. Hata hivyo hula muda wa somo, na humnyima mwalimu kile anachokihitaji, yaani kukuona ukikosea mara tatu mfululizo kwa namna ileile ili atambue chanzo.

Wiki nne za mwanzo: ngozi, nguvu na mkao

Ncha za vidole vyako zimekuwa laini tena, na hakuna dawa ila muda. Kwa kawaida sugu huanza kujijenga ndani ya wiki mbili hadi nne kwa mtu anayepiga karibu kila siku. Vipindi viwili vya dakika kumi na tano, asubuhi na jioni, hujenga ngozi vizuri kuliko saa mbili za Jumapili zinazoishia kwenye malengelenge. Usipige mara tu baada ya kuoga au kuosha vyombo, kwa sababu ngozi iliyolowa hukatika upesi. Kata kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi kiasi cha kutogonga ubao.

Maumivu ya ngozi ni ya kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono, ya kiwiko, au ganzi ya vidole si ya kawaida. Ukiyapata, simama siku hiyohiyo na umweleze mwalimu, na yasipokwisha baada ya kupumzika, mwone daktari. Mshipa wa mtu mwenye miaka arobaini hausamehe kama wa kijana, hasa kama mkono huohuo unafanya kazi ya kompyuta mchana kutwa. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, miguu yote ikigusa sakafu au mmoja ukiwa juu ya kibao kidogo, na shingo ya gitaa ielekee juu kidogo badala ya kulala sambamba na sakafu. Kuielekeza juu hunyoosha kifundo cha mkono wa kushoto, na kifundo kilichonyooka ndicho kinachovipa vidole nguvu.

Kuhusu nguvu yenyewe, lipo zoezi moja ambalo ningelichagua kama ningeruhusiwa kuchagua moja tu. Weka kidole kwenye uzi nyuma tu ya freti ya tano bila kukandamiza, udonoe uzi, usikie sauti iliyokufa. Endelea kudonoa huku ukiongeza mkandamizo kidogokidogo: sauti itakuwa ya kukwaruza, kisha ghafla itakuwa safi. Simama hapo. Mkandamizo huo ndio unaohitajika, na karibu kila anayerudi hugundua kwamba amekuwa akitumia maradufu yake. Rudia kwa kila kidole, ukianza na cha shahada hadi cha mwisho, dakika mbili kila siku.

Kodi na mkono wa kulia

Katika miezi ya kwanza, usiongeze idadi ya kodi unazozijua. Ongeza kasi na usafi wa kuzibadilisha zile chache. Chukua kodi za G, C, D na Em (yaani E minor), ambazo zinatosha kwa nyimbo nyingi sana. Kwanza shika kodi na udonoe uzi mmoja baada ya mwingine, utafute uliozibwa na kidole cha jirani. Ukisafisha, inua vidole vyote sentimita moja, virudishe vyote kwa pamoja, na urudie mara kumi. Vidole vinapaswa kutua kama mguu mmoja, si kama ngazi. Kisha chukua jozi moja, kwa mfano C na G, weka saa ya dakika moja, na uhesabu mabadiliko safi unayoyapata. Andika idadi hiyo kwenye daftari. Ukifika mabadiliko 60 kwa dakika kwenye jozi moja, jozi hiyo imekwisha kukomaa na unaweza kuihamishia kwenye wimbo wowote wa kawaida bila kuifikiria.

Mkono wa kulia ndio unaosahauliwa, nami nasema pasipo wasiwasi kwamba wasikilizaji husamehe kodi iliyokosewa upesi kuliko mdundo uliokatika. Hesabu kwa sauti moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na, mkono ukishuka kwenye kila namba na kupanda kwenye kila "na". Mkono usisimame kamwe, hata pale usipogusa nyuzi. Unapotaka kuacha pigo fulani, upitishe hewani. Kodi ikichelewa, charaza nyuzi za wazi na uendelee. Mtu anayerudi huona ugumu mkubwa hapa, kwa sababu sikio lake linachukia sauti chafu na linamwamuru asimame arekebishe. Amri hiyo ikaidiwe wakati wa kupiga wimbo, na itiiwe wakati wa mazoezi ya kodi mojamoja. Ni kazi mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakozaa ule upigaji wa kusitasita ambao mtu huweza kuubeba maisha yake yote.

Hapo ndipo metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi isiyobadilika, inapoingia. Anza kwenye mapigo 60 kwa dakika, au hata 50. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuipiga mara tatu mfululizo bila kosa. Ukikosea, punguza mapigo matano, na ukifaulu, ongeza matatu au manne. Utakereka. Wimbo unaoukumbuka kwa kasi ya 120 utasikika kama maandamano ya mazishi kwa 60, lakini kwenye kasi hiyo ndipo utakapoona kidole kinachochelewa, na kidole hicho ulikuwa ukikificha tangu siku za nyuma kwa kuharakisha.

Kodi ya F, iliyowatoa wengi njiani

Ukiwauliza watu kwa nini waliacha gitaa, wengi watataja mambo ya maisha, kisha ukiwadadisi zaidi wataitaja F. Kodi hii humtaka mtu alaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza huku vidole vingine vitatu vikishika umbo la kodi ya E mbele yake. Ugumu wake hautokani na udhaifu wa kidole peke yake. Freti ya kwanza iko karibu kabisa na mwanzo wa shingo, ambapo uzi ni mgumu kushuka na nafasi ya freti ni pana kuliko zote.

Kwa hiyo usiianzie hapo. Umbo hilohilo kwenye freti ya tano hutoa kodi ya A, kwenye ya saba hutoa B, na huko juu nyuzi hushuka kwa urahisi. Jifunze kwenye freti ya tano, na kila wiki teremka freti moja: ya nne, ya tatu ambayo ni G, ya pili, ndipo ufike F. Kigeuze kidole cha shahada kidogo upande wake wa nje, wenye mfupa, badala ya kukilaza kwa upande wenye nyama, kwa kuwa mikunjo ya viungo huacha mashimo ambamo uzi hujificha. Usibane kwa kidole gumba. Acha uzito wa mkono mzima, kuanzia kiwiko, uvute kurudi nyuma kidogo. Angalia pia kwamba kidole hicho hakihitaji kubana nyuzi zote: vidole vingine vimeshachukua tatu, chenyewe kinawajibika kwa uzi mnene kabisa na zile mbili nyembamba. Wakati unasubiri, tumia umbo fupi la F linalopigwa kwenye nyuzi nne nyembamba tu, au weka kapo (kibanio kinachokandamiza nyuzi zote kwenye freti moja) na ubadilishe kodi za wimbo. Mwalimu wa kweli hatakuita mvivu kwa hilo.

Mpango wa kila siku

Dakika 30 zinatosha, tena zikigawanywa zinatosha zaidi. Tano za kulinganisha nyuzi na kuamsha vidole polepole. Kumi za lile jambo moja alilokupa mwalimu, kwa kasi ya chini. Kumi za wimbo. Tano za kupiga ovyo unavyopenda, bila metronomu na bila kujihukumu. Sehemu hii ya mwisho isikatwe hata siku ambayo muda ni mfinyu, kwa sababu ndiyo uliyorudi kuitafuta. Ukipata dakika kumi tu, fanya ya mwalimu kwa tano na ya moyo wako kwa tano.

Shika nyimbo tatu kwa wakati mmoja, si zaidi. Mmoja uwe ule uliouweza zamani, ili uusafishe. Wa pili uwe mpya na rahisi, unaoweza kuumaliza ndani ya wiki tatu. Wa tatu uwe unaokuzidi kidogo, ambao unaumega vipande vya sekunde nne au tano. Watu wanaorudi hupenda wa kwanza peke yake, na wanapochoka kuusikia hudhani wamelichoka gitaa.

Nadharia, ambayo mtu mzima huielewa upesi

Hapa una nafasi nzuri kuliko mtoto. Jambo moja ambalo mwalimu anaweza kukueleza kwa somo moja litafungua milango mingi: nyuzi za gitaa zimepishana kwa hatua sawa, freti tano kati ya uzi na unaofuata, isipokuwa kati ya G na B ambapo ni nne. Ndiyo sababu maumbo ya kodi na skeli hubadilika yanapovuka hapo, na ndiyo sababu unapolinganisha nyuzi kwa sikio unakandamiza freti ya tano kila mahali, ila kwa kuitafuta B unakandamiza ya nne kwenye G. La pili ni namba za kodi. Katika funguo ya G, yaani wimbo unaotulia kwenye noti ya G, kodi ya kwanza ni G, ya nne ni C, ya tano ni D, na ya sita ni Em. Ukizijua kwa namba badala ya herufi, unaweza kuuhamisha wimbo mzima ili ulingane na sauti ya mwimbaji. Zaidi ya hayo mawili, ngoja hadi wimbo uulize swali.

Wiki zitakazoharibika

Kazi itakuzidi, mtoto ataugua, safari itaingilia, na utafika siku ya somo hujaligusa gitaa kwa siku sita. Usilifute somo. Mwambie mwalimu tangu mlangoni kwamba hukufanya mazoezi, na mlitumie somo lenyewe kuwa mazoezi, yeye akikusimamia. Mara nyingi masomo ya namna hiyo huzaa kuliko yale ambayo mtu alikuja amejiandaa kumridhisha mwalimu. Anayefuta somo moja kwa aibu huona aibu zaidi wiki inayofuata, na kuacha kwa watu wazima huja kwa njia hiyo: hakuna siku mtu anayoamua kuacha, kuna masomo matatu tu yaliyofutwa kwa mfululizo.

Kila baada ya wiki nne, rudia ile rekodi ya mwanzo: kiti kilekile, vipande vilevile, bila maandalizi. Ziweke pamoja na uzitazame na mwalimu baada ya miezi mitatu. Wakati huo ndio wa kuamua mambo matatu naye: kama masomo yapunguzwe yawe mara moja kwa wiki mbili, kama ni wakati wa kutafuta mtu mwingine wa kupiga naye, na ni kosa gani la msingi lifuate baada ya lile la kwanza. Chukua daftari siku hiyo, kwa sababu orodha ya mistari mitatu itahitaji kuandikwa upya, na mstari wa pili utakuwa na mambo tofauti kabisa.